Chupa Zisizonukia Lozi

Hohenrode, 8 Novemba 1999

Onno mwanangu,

Hiyo mashine ya kuosha chupa, nikwambie tena, mimi sikuiamini tangu siku ile ilipoingizwa na wanaume wanne kama jeneza la tajiri. Nilimwambia Profesa Rettberg palepale, "Itaosha, lakini haitanusa." Akacheka. Sasa unaniandikia kwamba tangu nistaafu mwezi wa nane jaribio lako limekugomea, chupa inatoka inanukia lozi vilevile ilivyoingia, na unaniuliza kama najua chochote. Mimi? Mwosha chupa?

Anayeandika hapa ni Irmgard, wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Alikaa posta miaka thelathini, ana mwandiko kama wa kadi za harusi. Mimi macho yangu siku hizi hayafai. Na simu usipige, sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia linachotaka. (Irmgard anasema yote mawili yanasikia yanachotaka. Andika ninayosema, wifi, ya kwako kaandike kwako.)

Nilikuwa wapi? Lozi.

Unakumbuka siku uliyonieleza pale kwenye karo? Ukasema, "Mama Naujoks, kaboni ya kawaida ina mikono minne, na yote imeshika kitu. Hii ya kwangu ina miwili tu inayoshika. Ingekuwa peke yake ingekufa papo hapo, ila huku nitrojeni na huku nitrojeni, ndizo zinazoishikilia." Nikakwambia, ah, huyo namjua, ni Irmgard huyo, mjane mwenye majirani wawili wazuri. Ulicheka mpaka ukaweka chupa chini. Tangu hapo mimi na wewe tukawa tunaiita Mjane, ingawa kwenye vitabu vyenu ni kabeni. Na kazi ya Mjane ni kuyakamata yale mafuta ya lozi, kuyageuza tabia, na kuyaunganisha mawili mawili mpaka yawe unga mweupe usionukia lozi tena. Ukasema hata mwili wangu unafanya mambo ya namna hiyo kwa vitamini ya kwenye mkate mweusi. Toka siku hiyo nakula mkate mweusi kwa heshima.

Na ajabu yako wewe ilikuwa nini? Wenzako wote, ili Mjane atoke kwenye chumvi anamofungiwa, lazima watie alkali imvue kofia kwanza. Wewe hukutia kitu. Chumvi, mafuta ya lozi, joto kidogo, basi, anatoka mwenyewe. Profesa aliruka kama mbuzi. Ikaandikwa kwenye jarida. Watengeneza dawa wakaanza kupiga simu, maana dawa zao laini zinaharibika kwenye alkali.

Leo inagoma? Mimi nakwambia angalia walio karibu nawe. Yule Volkhard wa meza ya pili, anayesalimia watu hata hawajamaliza kufungua mlango. Kwa nini anasalimia mapema hivyo? Funga kabati lako na ufunguo ulale nao.

Wako,
Hedwig Naujoks

*

Taasisi ya Kemia, 20 Novemba 1999

Mama Naujoks,

Kabati nimelifunga. Kufuli nimebadilisha. Chumvi nimetengeneza upya kwa mikono yangu, mafuta ya lozi nimeyachuja upya, gesi ya argoni nimeagiza mtungi mpya ili hewa isiingie hata chembe. Hakuna kitu. Asubuhi nafungua chupa, inanukia kama duka la keki.

Halafu kuna jipya. Watu wa Zurich wamemwandikia Profesa kwamba wamejaribu mara kumi na moja kufuata tulichochapisha, na mara zote kumi na moja wameambulia patupu. Profesa hakunigombeza, na hicho ndicho kinachonitisha. Alisema tu, "Onno, naomba madaftari yako." Volkhard alikuwa amesimama nyuma yake, anaangalia viatu vyake.

Kuhusu Volkhard naanza kuamini ulichosema. Juzi nimemkuta anapekua droo ya chupa. Nikamuuliza, "Unatafuta nini?" Akasema, "Chupa." Nikamwambia, "Humu zimo mia mbili, unatafuta ipi?" Akaondoka.

Nina swali moja, na tafadhali usilichukue vibaya. Ulikuwa unaoshaje chupa zangu? Hatua kwa hatua. Nimebadilisha kila kitu ninachokijua, kilichobaki ni nisichokijua.

Onno

*

Hohenrode, 29 Novemba 1999

Onno,

Nimelichukua vibaya. Utaniambiaje nisilichukue vibaya halafu unitupie swali kama hilo?

Nimeosha chupa katika jengo lile miaka thelathini na mmoja. Maprofesa watatu wamepita, mmoja amezikwa nami nikiwepo. Na nimeosha kama karatasi ya ukutani inavyosema. Karatasi si ipo? Nenda kaisome. Mimi sikuongeza, sikupunguza. Nani amekutuma uniulize? Kwa maana wewe ni wa pili.

Ndiyo, wa pili. Hilo sikukusudia kukwambia, lakini Irmgard kanikazia macho. Volkhard alikuja hapa. Jumapili iliyopita, tumetoka makaburini kuwasha mishumaa ya wafu wetu, tunakuta gari getini na yeye ndani yake, ana boksi la maandazi ya lozi ya Lübeck. Nikajisemea, kijana huyu, dunia nzima ina chokoleti, kwa nini yeye aniletee lozi? Ananipima pua? Akakaa. Akanywa kahawa vikombe vitatu. "Mama, Onno alikuwa anabaki peke yake maabara? Mama, chupa zake zilikuwa na kitu gani tofauti?" Mama, mama, wakati miaka minne yote nilikuwa "habari" na "samahani."

Sikumwambia kitu. Yaani kitu cha maana. Nilimwambia tu kwamba chupa za Onno zilikuwa zake peke yake, zina alama, hazichanganywi na za wengine. Hilo si siri. Ni zile zenye midomo iliyopasuka kidogo, wenzako walikuwa wanazikataa, wewe mtoto wa watu ukawa unazichukua. Nikaona nikutengee, nikazitia nukta nyekundu ya rangi ya kucha ya Irmgard, zisikate mikono ya mtu asiyejua. Ya nukta sikumalizia kumwambia, maana alikuwa ameshasimama, anatafuta koti.

Irmgard anauliza kwa nini nimekasirika hivyo wakati umeuliza kwa adabu. Mwambie, wifi, kwamba sijakasirika.

Maandazi ya lozi tumempa mbwa wa jirani.

Hedwig Naujoks

*

Leer, 14 Januari 2000

Kwa Bibi Naujoks,

Nakuandikia kutoka kwa mama yangu. Wiki iliyopita wamenichukulia ufunguo wa maabara. Imeundwa kamati ya watu watano. Mimi natuhumiwa kwamba matokeo ya Februari hadi Agosti niliyabuni, unga haukuwepo, namba nimejitungia. Wananisikiliza tarehe 17 Machi. Nikishindwa, udaktari hakuna, na hakuna maabara itakayonifungulia mlango tena Ujerumani wala kwingine.

Katika karatasi za mashtaka, ukurasa wa tatu, imeandikwa hivi: "Kwa mujibu wa mfanyakazi mstaafu, mtuhumiwa alikuwa na chupa zake za pekee zenye alama, ambazo hazikuruhusiwa kuchanganywa na za wengine." Wanaona hapo ndipo palipokuwa na ujanja. Mfanyakazi mstaafu ni wewe.

Mama ananimiminia chai, anaweka sukari ya mawe, haulizi kitu. Majirani wameshaanza kumuuliza mbona niko nyumbani.

Sijui kama ulisema kwa bahati mbaya. Nimefikia mahali simjui mtu. Lakini nimekaa nimefikiri, nami nauliza kwa mara ya mwisho. Karatasi ya ukutani inasema hivi: alkali, halafu asidi, halafu maji mara tatu, halafu tanuri. Mashine nayo humalizia kwa asidi. Wewe ulikuwa unapitisha chupa kwenye asidi, ndiyo au hapana?

Neno moja linatosha.

Onno Ubben

*

Hohenrode, 25 Januari 2000

Onno mwanangu,

Hapana.

Hilo ndilo neno lako. Sasa kaa, kwa sababu mimi neno moja halijawahi kunitosha maishani.

Barua yako Irmgard alinisomea mara mbili, ya pili nilimwambia asome polepole. Ile "Kwa Bibi Naujoks" ilinichoma kuliko ukurasa wa tatu. Nikatoka nikaenda bandani kwa kuku nikakaa huko mpaka wenyewe wakanichoka. Niliporudi nikamwambia Irmgard, chukua kalamu, leo kuna jambo na wewe utalisikia, na ukicheka nitakupiga na mwiko.

Mimi sijui kusoma mwandiko wa mkono.

Ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, wifi.

Macho yangu ni mazima kabisa. Tuliondoka kwetu Prussia Mashariki Januari ya arobaini na tano, nina miaka kumi, farasi wawili na gari, barafu chini, mama ana homa. Shule yetu ilikuwa imeshageuzwa ya kulaza majeruhi zamani. Tulipofika huku nikapelekwa shambani kuokota viazi, nilipokua nikaingia kufua, kutoka kufua nikaingia kwenye chupa. Herufi za kuchapa nilijifundisha kwenye pakiti za unga na vichwa vya magazeti. Jina langu naliandika vizuri, na ukiandika jina lako vizuri watu hawakuulizi zaidi. Lakini mwandiko wa mtu kwangu ni nyayo za kuku. Irmgard tumekaa nyumba moja miaka tisa, nimekuwa namwambia "nisomee, miwani iko juu." Miwani yenyewe ni ya kioo cha dirisha tu.

(Anasema alijua. Anasema alijua tangu mwaka wa kwanza, eti nilikuwa naishika kadi ya Krismasi kichwa chini. Miaka tisa na hakusema! Sasa nani mnafiki hapa?)

Basi. Mwaka tisini na moja Profesa Rettberg alibandika ile karatasi mpya, kaiandika kwa mkono wake, akasema kila mtu asome na asaini. Nikasimama mbele yake. Nikatikisa kichwa kama anayesoma. Nikasaini. Halafu nikaendelea kuosha kama nilivyofundishwa mwanzo kwa mdomo: pipa la alkali na spiriti, maji, tanuri. Ile ndoo ya asidi waliyoileta nikajua ni ya wale wa chumba cha metali. Ilikaa pale na kifuniko chake miaka minane, haikupungua hata kidole, na katika madaktari wote wale hakuna aliyewahi kuuliza mbona haipungui.

Sasa na mimi nina akili. Unga wa alkali ukikauka kwenye kioo hauonekani, lakini upo, hasa kwenye zile chupa zako kuukuu zenye mikwaruzo. Wenzako hawakugundua maana wao wanaitia alkali kwa kijiko hata hivyo. Wewe ulisema hutii. Ni kweli hukutia. Niliitia mimi. Mjane hakutoka mwenyewe, Onno, mimi ndiye nilikuwa namvua kofia kila siku bila kujua.

Hivyo ajabu yako iliyoandikwa kwenye jarida ni uchafu wangu. Nisamehe kwa hilo. Nimekupa miezi saba ya furaha ya uongo.

Lakini mwongo wewe si mwongo, na hilo mimi ninalijua kwa pua yangu. Kila chupa iliyofika kwenye karo langu niliinusa kwanza, kazi yetu ndivyo ilivyo, usiponusa siku moja utajiua. Kuanzia Februari mpaka siku naondoka chupa zenye nukta nyekundu hazikunukia lozi. Hata moja. Mafuta yaliingia, yakageuka. Unga ulikuwepo, mimi ndiye nimeukwangua chini kwa brashi.

Nakwenda kwa Profesa kumwambia hivyo. Irmgard anatazama ratiba ya treni.

Mama Naujoks wako, kama bado unataka

*

Leer, 2 Februari 2000

Mama Naujoks,

Nimesoma barua yako jikoni nikacheka, halafu nikalia, mama akadhani kuna aliyekufa. Nikamwambia ndiyo, ugunduzi wangu umekufa, lakini mimi ni mzima. Sikuwa mwongo, nilikuwa mjinga tu. Huwezi kujua tofauti yake ni kubwa kiasi gani mpaka watu watano wakutazame wakidhani wewe ni mwongo.

Bado usiende. Nimekuwekea adabu zangu zote katika sentensi hii: tafadhali, usiende. Unaijua kamati. Watakwambia, "Bibi, karatasi hii hapa, tuoneshe ulipokosea." Watakufanya usome mbele ya Volkhard. Wengine wa huko wana ulimi. Nitawaandikia mimi kwamba chupa hazikupita kwenye asidi, nitasema ilikuwa kawaida ya zamani, bila kutaja jina.

Na kuhusu Volkhard sijui tena nifikirie nini. Amenitumia kadi. Imeandikwa sentensi moja: "Nilikuwa natafuta chupa zako ili nizijaribu mwenyewe, sikuzipata." Ni kweli au anajisafisha? Zamani ningejua. Siku hizi hata mama akinipa chai naangalia kikombe.

Wako,
Onno

*

Taasisi ya Kemia, ukumbi wa chini, 3 Machi 2000, saa tisa alasiri

Onno mwanangu,

Nimekuja. Ulidhani ningekaa? Ungeandika "bila kutaja jina" wangesema umelibuni na hilo, kama ulivyobuni mengine. Jina ndilo lilikuwa linahitajika.

Tumekaa kwenye benchi nje ya maabara, Irmgard ana karatasi juu ya mkoba. Wewe hawakukuruhusu ukaribie jengo leo, sawa, ndiyo maana nakuandikia, nikuelezee wangali hawajaanza kuelezana wao.

Jumatano nilikwenda kwa Profesa. Kamati nzima ilikuwepo, na Volkhard yupo pembeni. Yule mzee wa kamati mwenye tai ya kipepeo, sijui jina lake, akafanya kama ulivyosema. Akaibandua karatasi ukutani, akanipa. "Bibi Naujoks, tusomee hatua ya pili."

Nikaishika. Irmgard alikuwa nyuma yangu, nilimsikia anavuta pumzi ili anisomee sikioni. Nikamwambia, "Acha." Halafu nikawaambia, "Mwandiko wa mkono sijui kusoma. Sikujua mwaka tisini na moja, na leo sijui. Nilisaini kwa aibu."

Nikangoja mtu acheke, nilikuwa nimeshamtayarishia jibu.

Profesa Rettberg akanyoosha mkono akaichukua ile karatasi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akavua miwani, akavaa. Akasema, "Hatua ya pili... hii ni asidi au ni hasi? Heinz, hebu." Mwenye tai naye akaitazama. Akasema, "Mimi naona kama 'ahadi.'" Onno, nakuapia! Mwenyewe aliyeandika hawezi kusoma mwandiko wake! Akageuka kwangu uso umeiva, akasema, "Bibi Naujoks, hapa tulisaini wote." Nikamwambia, "Ila mimi ndiye niliyeosha." Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka anionee huruma mapema.

Chupa zako wakazitafuta, hazipo. Mwenye tai akaanza kunitazama kwa jicho lile. Eti zimetoweka, eti kwa nini zimetoweka. Nikasema, msihangaike. Nikaenda kwenye kabati la vifaa vya kufagilia, nyuma ya ndoo kuu, nikazitoa nane, nukta nyekundu zote ziko. Nilizificha siku ya kustaafu, mashine isizimalizie kuzipasua, nikakuwekea nzima mahali pake. Volkhard akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimepekua droo zote." Nikamwambia, "Kwa sababu hujawahi kushika ufagio." Wote wakacheka na yeye akacheka, na hapo ndipo nilipoona kwamba kijana ana meno mazuri na labda si mbaya. Labda. Bado namwangalia.

Nne nikaziosha mimi, mbele yao, mikono yangu ileile: pipa, maji, tanuri. Zikafungwa kamba nyeupe shingoni, na nne nyingine zikaingia kwenye mashine. Profesa alisimama pembeni yangu akiandika kila ninachofanya. Kwa herufi za kuchapa, Onno. Kubwa.

Leo asubuhi wametia ndani chumvi yako na mafuta ya lozi, sawasawa zote, wakazifunga kwa argoni, wakaziweka kwenye joto. Alkali hakuna aliyetia. Mwenye tai alikagua mifuko ya watu, hata mkoba wa Irmgard, akakuta peremende za koo na akaomba moja.

Zangu zikinukia lozi, basi mimi ni kikongwe anayesema uongo ili amwokoe kijana wake, na wewe umekwisha. Nimekaa hapa tangu saa tano sijaweza kula mkate. Irmgard kaila yote, wangu na wake.

Na kitu kingine nilitaka kukwambia, kuhusu mama yako, kwamba awaambie hao majirani

ngoja, mlango. Ni Volkhard. Anaita, "Mama Naujoks! Profesa anasema uje unuse, hataki kuandika kitu mpaka wewe umenusa." Amesimama pale ameshika chupa moja, kifuniko kimetoka. Nukta nyekundu naiona kutoka hapa. Wifi, hii ni ya upande gani, yangu au ya mashine? Ina kamba nyeupe. Nyeupe ni yangu.

Tuko hatua nne, na upepo wa ukumbi unakuja kwetu. Irmgard, nusa. Unasikia kitu? Mimi sisikii kitu. Hakuna lozi, Onno. Haki ya Mungu, hakuna lo

Naja, Volkhard, naja! Nishike mkono, sakafu hii imepigwa nta na mtu asiyejua kupiga nta

(Ameingia ndani, hakusaini. Kwa niaba yake, Irmgard Naujoks.)